Naomba ushauri: lenzi ya zumu ya kuzunguka nayo kwenye shughuli za ndani, mwanga hafifu

BintiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Natumia Canon 70D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm f/3.5-5.6. Nipo Tanga. Kazi zangu nyingi ni singo, kicheni pati na ndoa, na karibu zote ni za ndani: kumbi zenye taa za rangi, sebule zenye taa moja darini, misikiti na makanisa ambako flashi hairuhusiwi ibada ikiendelea. Kina mama wa huku wakiwa kwenye shughuli zao hawataki mpiga picha mwanaume, kwa hiyo kazi ipo, na naipenda. Nataka wapate picha zinazolingana na walivyopendeza siku ile.

Shida ni hii. Nikivuta hadi 55mm na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200, shata, yaani muda wa kupiga, inashuka hadi 1/30 ya sekunde. Bibi harusi aliyetulia anatoka vizuri, ila wanaocheza wanatoka kama moshi. Nikipandisha ISO hadi 6400, nyuso zinajaa chenga, hasa penye kivuli cha mtandio. Nahitaji lenzi moja nitakayokaa nayo shughuli nzima bila kubadilisha. Bajeti isizidi milioni moja, na iliyotumika sina tatizo nayo. Nimeangalia Sigma 17-50mm f/2.8, Canon 17-55mm f/2.8, Tamron 17-50mm f/2.8 na Sigma 18-35mm f/1.8. Kamera sibadilishi mwaka huu. Naombeni mwongozo.

FundiMwanga
Karibu dada. Umeeleza vizuri, hesabu yake inakuwa nyepesi. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni hatua mbili za mwanga, yaani mwanga mara nne. Ile 1/30 yako inakuwa 1/125 kwa ISO ileile 3200. Kwa 1/125 mtu anayeongea au kutembea taratibu anatulia kwenye picha. Anayecheza kwa nguvu anataka 1/250, na hapo utalazimika kupanda ISO 6400 au kusubiri ule mguso wa ngoma ambapo mwili unasimama kidogo kabla ya kugeuka. Ukishazoea mdundo utausubiri bila kufikiri.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji. Kamera hulenga tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, hata kama picha utaipiga kwa f/4. Lenzi ya f/2.8 inaipa kamera mwanga mwingi zaidi wa kulengea, na pointi ya katikati ya 70D imetengenezwa ilenge kwa usahihi zaidi ukiweka lenzi ya f/2.8 au iliyo wazi zaidi ya hapo. Ukumbini gizani, pale lenzi yako ya sasa inapokwenda mbele na nyuma bila kushika, utaona tofauti mara moja.

Usichanganye hili na kitulizi cha mtikisiko. Kitulizi kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi anayecheza.

Mkaa_Studio
Kama ni giza, mimi nasema Sigma 18-35mm f/1.8 bila kusita. Ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa zumu ya kwanza ya kamera za sensa ndogo, kama hiyo 70D yako, kubaki f/1.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukilinganisha na f/2.8 unapata zaidi ya mwanga maradufu. Yaani pale 17-50 inapokulazimisha ISO 6400, wewe unapiga chini ya 3200. Ukali wa picha ni wa lenzi zisizo na zumu kabisa. Ngozi zetu nyeusi kwenye mwanga mbaya zinahitaji mwanga wa kweli ufike kwenye sensa, maana ukizing'arisha baadaye kwenye kompyuta zinageuka kijivu.

FundiMwanga
Mkaa, hilo la ngozi nakuunga mkono kabisa, na lenzi yenyewe ni nzuri mno. Ila tumsikilize anavyofanya kazi. Anataka lenzi moja. Kwenye 70D, 35mm inaona kama 56mm ya sensa kubwa. Msikitini akiwa amesimama nyuma, uso wa bwana harusi ataupataje? 50mm inamfikisha kama 80mm, na hiyo ndiyo picha ambayo familia inaikuza na kuitundika ukutani. Halafu 18-35 ina gramu 810 na haina kitulizi. Sigma 17-50 ina gramu 565 na kitulizi kipo. Shughuli inayoanza saa nane mchana na kuisha usiku, mkono unaijua tofauti hiyo.

Na f/1.8 ina masharti yake. Kwa 35mm ukiwa mita mbili, eneo lililo kali ni sentimeta ishirini na kitu tu. Bibi harusi peke yake, safi. Shangazi watatu waliokaa mbele na nyuma, mmoja atapotea.

Mkaa_Studio
Kwa safu mbili za watu utafunga hadi f/4 hata ukiwa na lenzi gani. Lakini nakubali suala la umbali. Kama anasimama mbali mara nyingi, 18-35 itambana. Dada, kabla hujatoa hela, fungua picha zako za shughuli za karibuni uangalie taarifa zake: ngapi zimepigwa 35mm kushuka chini, na ngapi 40mm kwenda juu. Hizo picha zitakujibu kuliko sisi.

Kaka_wa_Arusha
Nunua flashi ya kuelekeza juu darini, na lenzi ya 50mm f/1.8 isiyo na zumu. Hela inabaki.

BintiNgamiani
Ahsante kaka. Flashi ninayo na kwenye kumbi zenye dari jeupe naitumia hivyo hivyo. Ila kumbi nyingi hapa dari limefunikwa vitambaa vya rangi, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa usoni. Na kwenye ibada ndiyo kabisa haiwezekani. 50mm ndani ya sebule ya Ngamiani nitagonga ukuta kwa mgongo kabla sijapata watu wawili.

MamaLenzi_Mvita
Shoga, niko Mombasa, pwani ni ile ile, basi nikwambie la kununua lenzi iliyotumika huku kwetu. Adui yako ni kuvu. Unyevu wa pwani unaingia ndani ya lenzi, na ikikaa kabatini kwenye mkoba wa ngozi inaota nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Vumbi kidogo halidhuru picha. Kuvu ikishaula mpako wa kioo, hata fundi akisafisha alama hubaki, na utaiona kila ukielekea taa: picha inakuwa na ukungu, weusi hauwi weusi.

Nenda na tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja ukitazama kwa upande wa pili, ukiigeuza pole pole. Kisha iweke kwenye kamera yako, si ya muuzaji. Lenga kitu cha karibu, cha mbali, rudi cha karibu, kwa 17mm na kwa 50mm, ukisikiliza kama mota inakwaruza. Washa kitulizi, piga 1/15 ukiwa umesimama wima, uone kama kinashika. Piga ukuta wenye maandishi kwa f/2.8, utazame kama upande mmoja una ukungu kuliko mwingine. Ukiwa hivyo, lenzi imewahi kuanguka. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Canon 17-55 inalenga haraka na kwa utulivu, lakini inasifika kwa kuvuta vumbi nyuma ya kioo cha mbele. Si la kukutisha, ila bei ishuke. Tamron zipo mbili, ya zamani isiyo na kitulizi na ile yenye alama ya VC. Isiyo na kitulizi ndiyo kali zaidi kati ya hizo mbili na ni nyepesi, lakini mota yake ina kelele. Msikitini kila mtu atakugeukia.

Ukishainunua, sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vifuko vya kukausha unyevu ndani. Badilisha vifuko vikilowa.

BintiNgamiani
Nimefungua picha za ndoa za karibuni kama Mkaa alivyoshauri. Za sebuleni nyingi ni 18mm hadi 24mm. Za msikitini na kanisani karibu zote ni 45mm hadi 55mm. Za katikati ni chache kuliko nilivyodhani. Basi 18-35 inaniacha nusu ya kazi. Naitafuta Sigma 17-50, na Canon 17-55 nikiipata safi ndani ya bajeti nitaichukua. Swali la mwisho: kwenye ukumbi mmoja picha zinatoka na mistari ya giza ikikatiza, lenzi mpya itaiondoa?

FundiMwanga
Haitaiondoa, hiyo ni taa. Umeme wetu ni wa 50Hz, na taa za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/100, mistari itapungua sana au itaisha. 70D haina mfumo wa kuzuia hilo wenyewe. Kwa f/5.6 ulikuwa hufiki 1/100 bila chenga. Kwa f/2.8 utafika ukiwa ISO 3200, hata chini ya hapo.