Je, nikoboe mpunga kwa bei iliyo chini ya wastani wa gharama zangu?

Mkoboaji wa Ubaruku:
Ndugu zangu, nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, wilayani Mbarali. Nikijumlisha rejesho la mkopo, pango la ghala, mshahara wa mlinzi, umeme na vibarua, kisha nikagawanya kwa kilo ninazokoboa kwa mwaka, kila kilo hunigharimu shilingi 70, nami hutoza 80. Sasa ni Februari, mpunga umeadimika na mashine hulala siku nne kwa juma. Mfanyabiashara mmoja anataka kuniletea tani 40, lakini atalipa shilingi 50 tu kwa kilo. Mhasibu wangu anasema hiyo ni hasara. Nadharia ya uchumi inasemaje?

Mwalimu wa Uchumi:
Hiyo 70 ni wastani wa mwaka mzima, nao haufai kwa uamuzi huu. Rejesho, pango na mlinzi utavilipa hata mashine ikilala; cha kupima ni gharama itakayoletwa na tani hizo 40 peke yake, yaani umeme, vibarua, oili na kuchakaa kwa mikanda. Tuseme ni shilingi 38: unabakiwa na 12 kwa kila kilo, jumla shilingi 480,000 za kupunguzia mzigo wa pango. Ingekuwa Juni, magunia yamepanga foleni hadi nje, ningekukataza, kwa kuwa kila kilo ya 50 ingechukua nafasi ya kilo ya 80. Wastani utaurudia siku utakapofikiria kununua mashine ya pili.

Mama Ghala:
Hesabu ya Mwalimu ni sahihi, ila wateja wana masikio. Alfred Marshall wa Cambridge alikwisha kueleza mwaka 1890 kwamba mzalishaji husita kuuza kwa bei inayofidia gharama za papo hapo tu, kwa kuogopa kuliharibu soko lake la kesho. Mimi nilimpunguzia mteja mmoja bei ya kuhifadhi magunia mwezi Machi. Ulipofika msimu, kila aliyebisha hodi alianzia kwenye bei ile ile. Mpe hiyo 50 kwa masharti ambayo mkulima wa magunia matano hawezi kuyatimiza: mzigo usipungue tani 20 kwa mkupuo, asubiri zamu, na apakue kwa vibarua wake mwenyewe.

Mfuga Kuku:
Samahani, pumba zinabaki kwa nani? Mbona hazimo katika hesabu ya yeyote?

Mkoboaji wa Ubaruku:
Zinabaki kwangu, na ninakiri sijawahi kuziandika popote. Fedha zake huishia kwenye chai ya vibarua. Jana nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kukoboa magunia kumi, nikajumlisha vibarua, oili na mikanda, nikapata shilingi 41 kwa kilo, si 38. Nimemtajia mfanyabiashara shilingi 55, pumba zangu, na masharti ya Mama Ghala. Ameomba hadi Jumatatu.