Tupeane uzoefu: Kufunga injini kubwa ya dizeli kwenye pikapu ya zamani

Mkulima wa Makete (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naanza na yangu, kisha kila aliyewahi kufunga injini kubwa kwenye pikapu ya zamani aweke yake, iliyofaulu na iliyoshindikana.

Gari ni Hilux LN106, kabini moja, aliyoiacha marehemu baba. Ilikuja na injini ya dizeli ya 3L, ujazo wa cc 2,779, haina turbo. Huku Makete tuko juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo haina pa kupata nyingine. Ukipakia magunia ya viazi, mlima unaupanda kwa gia ya pili huku mshale wa joto nao unapanda. Silinda hedi ilipasuka, tukanunua nyingine. Ilipopasuka mara ya pili nikasema basi.

Nikapata injini ya 14B kwenye lori dogo la Dyna lililogongwa ubavuni. Silinda nne kama ile ya zamani, ila ujazo ni cc 3,661, dizeli inapulizwa moja kwa moja kwenye silinda, na taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika njiani. Kwa baridi ya Juni huku kwetu inawaka kwa mpigo mmoja. Nilipenda kila kitu chake kabla sijaipima na nafasi niliyonayo.

Shida ya kwanza ilikuwa umeme. Dyna ile ni ya volti 24, Hilux ni ya 12. Tulibadilisha starta, altaneta na kizimio cha dizeli kwenye pampu. Kizimio hicho kilichelewa kupatikana, kwa hiyo wiki tatu nilikuwa nazima gari kwa kukanyaga breki, kutia gia na kuachia klachi. Dizeli hairushi cheche. Ukizima swichi na mafuta bado yanakwenda, inaendelea kunguruma tu.

Ya pili ndiyo iliyotaka kunimaliza. LN106 ina ekseli nzima mbele. Sampu ya 14B, yaani bakuli la oili chini ya injini, sehemu yake yenye kina iliangukia juu ya ekseli, na kila tairi lilipoingia shimoni vyuma viwili vilikuwa vinabusiana. Fundi akaikata sampu, akaipunguza kina kwa mbele, akaufupisha mdomo unaonyonya oili. Pale gereji, gari likiwa limesimama sawa, kila kitu kilikuwa kizuri. Safari ya kwanza na mzigo, katikati ya kupanda, taa ya oili ikawaka. Nilizima hapo hapo, gari ikiwa katikati ya barabara, nikaweka mawe. Tulipokuja kufungua tukaelewa: pua ya gari ikiinuka, oili yote inakimbilia nyuma, na mdomo umebaki mbele unanyonya hewa. Isitoshe, kwa kupunguza kina tulikuwa tumepoteza karibu lita mbili za oili.

Tulitengeneza sampu upya: kina kikahamia nyuma ya ekseli, bomba la kunyonyea likarefushwa na kushikizwa kwa kibano lisitikisike, na ndani tukachomelea bati la kuzuia oili isikimbilie mbele wakati wa kushuka. Nikafunga na geji ya presha ya oili yenye mshale, maana taa inakuambia wakati umeshachelewa. Beringi tulizikagua, Mungu alisaidia.

Sasa inapanda kwa gia ya tatu mahali palipokuwa pa pili, na mshale wa joto umetulia katikati. Lakini kwenye lami injini inalia. Nikifika 90 naiona kabisa kwamba inaumia. Hapo ndipo nilipokwama. Nani alipita njia hii?

Mama Mbao, Mafinga

Pole kwa lile tukio la mlimani, na hongera kwa kuzima mapema.

Mimi nilikuwa na Hilux ya 2L, cc 2,446. Mafundi watatu walinishauri injini za malori. Nikachukua 5L, cc 2,986, ni ukoo uleule wa L. Ilikaa kwenye mauntingi (vishikio vya injini) yaleyale, hauzingi ya klachi ileile. Tuliingiza Ijumaa, Jumapili nikaenda kanisani nayo. Pamoja nayo nilinunua rejeta mpya yenye kuta nene zaidi, na kifuniko chake kipya. Naamini kabisa hedi nyingi za injini hizi zinauawa na rejeta iliyoziba, si na mzigo. Mkuu, yako ya kwanza na ya pili ulizifungia rejeta gani?

Mkulima wa Makete

Ileile ya baba, Mama. Swali lako limenigusa. Ya 14B ndiyo nimeiwekea mpya.

Fundi wa Unga Limited, Arusha

Nimefunga injini kwenye Land Cruiser na Hilux kwa miaka mingi, nyingi za watu wa utalii na wa madini. Naandika kwa kirefu kwa sababu kulia kwa injini yako kuna jibu.

Kaishushe difu ya nyuma, yaani gia za katikati ya ekseli, uhesabu meno. Nakuhakikishia utakuta 41 kwenye krauni (gia kubwa) na 9 kwenye pinioni (gia ndogo), yaani 4.556. Difu hiyo ilipangwa kwa injini ndogo inayopenda kuzunguka. 14B ni injini ya lori, nguvu zake ziko chini. Kwa tairi la 205R16, gia inayokwenda moja kwa moja, mwendo wa 80 unataka injini izunguke kama mara 2,660 kwa dakika. Ukienda 100 umefika kama 3,330, na pale 14B imefika mwisho wake. Ukiweka difu ya meno 37 kwa 9, ambayo ni 4.111, kwenye 80 unashuka hadi kama 2,400. Injini inapumua, na mlima bado utaupanda kwa sababu nguvu ya chini unayo.

Ila sikiliza: gari lako linavuta mbele na nyuma. Difu zote mbili lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake halafu ukaingiza ya mbele mahali pakavu, kitakachovunjika ni transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) au krosi (viungo) za propela, hakuna wa katikati.

Mambo mengine ninayokagua kila mara. Pembe ya propela shafti: ukiinua injini ili sampu iiepuke ekseli, umeinua pia mdomo wa giaboksi, na krosi zitaanza kulia kuanzia mwendo wa 60. Beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi: kama injini na giaboksi hazikutoka gari moja, ipime kwa mkono wako, usiamini maneno ya dukani. Mauntingi: tumia mipira ya injini husika, usichomelee chuma kwa chuma. Injini kubwa ya silinda nne inatikisika, na chasisi ya Hilux ikitikiswa miezi sita inapasuka nyuma ya kishikio. Na springi za mbele ongeza jani moja, pua imebeba uzito mpya.

Kuhusu turbo nasema kwa uchungu. Mteja alikuwa na pikapu ya Land Cruiser HZJ75, injini 1HZ, silinda sita, cc 4,164. Injini ile ilitengenezwa bila turbo, mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli inaanzia kuwaka kwenye chumba kidogo ndani ya hedi. Ndiyo maana inavumilia, na ndiyo maana haipendi kuongezewa joto. Alitaka nguvu ya 1HD-T, ile yenye turbo ya kiwandani, bila kununua 1HD-T. Nilimfungia turbo, nikamsihi tuweke geji ya joto la moshi, akasema atarudi mwezi ujao. Alirudi akiwa amevutwa kwa kamba, pistoni mbili zimepasuka. Tangu siku ile turbo kwenye 1HZ siifungi bila geji hiyo, hata mteja aondoke.

Na 1HD-T nayo, zile za mwanzo, usiifunge kabla ya kubadilisha beringi za konrodi. Zinajulikana kwa kuchakaa mapema, na injini ikiwa mezani kazi hiyo ni ya siku moja.

Dereva wa Marsabit

Hamjambo wadau. Yangu ni Land Cruiser FJ45, ile pikapu ya zamani ya petroli, injini 2F. Ilikuwa na nguvu, siwezi kuisema vibaya, lakini lita moja haikunifikisha kilomita tano, na kutoka Isiolo kwenda juu nilikuwa nabeba mitungi ya petroli nyuma kama mtu anayehama. Nikatafuta 1HZ pamoja na giaboksi yake ya gia tano, ile H55F. Injini ya silinda sita ikaingia mahali pa silinda sita, nafasi ya kutosha, boneti inafunga vizuri.

Kilichonishangaza kilikuwa breki. Injini ya petroli inavuta hewa yenyewe, busta ya breki inaishi kwa mvuto ule. Dizeli haina mvuto huo, inahitaji pampu yake ya vakyumu. Injini yangu ilikuja bila pampu, mtu alikuwa ameshaitoa akaiuza. Mekanika akaziba bomba akaniambia nijaribu. Nilikanyaga pedali ikawa ngumu kama jiwe, gari likasimama kwenye mchongoma wa boma la jirani. Hakuna aliyeumia. Sikulitoa tena kabla pampu haijapatikana.

Tenki pia tulilitoa tukaliosha, tukaongeza bomba la kurudisha dizeli, na chujio la kutenga maji. Dizeli ya kwenye mapipa huku ina maji, na pampu ya injekta haisamehe.

Halafu kuna makaratasi. Nambari ya injini iko kwenye logbook. Nilipeleka gari likakaguliwa na nikabadilisha nambari NTSA, mamlaka ya usafiri huku Kenya. Weka risiti ya injini mahali salama. Kwenye vizuizi vya njia yetu wanafungua boneti, na injini isiyo na risiti inakufanya uonekane mwizi.

Mkulima wa Makete

Asante kwa hilo. Kwetu ni TRA, na nakiri kadi yangu ya gari bado inaonyesha 3L. Nitaishughulikia wiki hii.

Mzanzibari wa Sharjah

Assalamu alaykum. Mimi nipo kwenye biashara ya injini zilizotumika huku maeneo ya viwanda ya Sharjah, napakia makontena ya Dar, Mombasa na Zanzibar. Naomba niseme upande wa kununua.

Injini peke yake juu ya paleti ni rahisi kwa macho. Ukiweza, nunua gari lililokatwa nusu: injini, giaboksi, starta, altaneta, mauntingi, nyaya, rejeta, mabomba, pedali, vyote vya gari moja. Vitu vidogo ndivyo vinavyokaa gereji mwezi mzima vikisubiriwa. Uliza kabla ya kulipa: volti 12 au 24? Omba video ikiwashwa ikiwa baridi, siyo iliyopashwa kabla hujapigiwa simu. Fungua kifuniko cha oili huku inanguruma uone kama moshi unasukuma. Vuta kipimo cha oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, ondoka. Na kila 1HZ ninayomuuzia ndugu yangu namwambia mkanda wa taimingi uwe mpya kabla haijawashwa huko, kwa sababu kitabu kinasema kilomita 100,000 na hakuna anayejua huu umetembea ngapi. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni.

Kijana wa Ilula

Mimi sina ya kusifia. Kaka yangu alifunga injini ya Canter kwenye pikapu yetu, 4D32. Ilivuta kweli. Tukaanza kupakia vitunguu magunia zaidi ya mwanzo, kwa sababu ilikuwa haichoki. Breki zikabaki zilezile za pikapu. Tukishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, magurudumu yakaanza kutoa moshi, pedali ikazama hadi sakafuni. Kaka akairudisha gia ya pili, akaipeleka upande wa mlima, akaifuta ubavu mpaka ikasimama. Kabini upande wangu ilibondeka, mkono wangu ulivunjika mara mbili.

Tumeitengeneza. Sasa ina diski kubwa mbele, ngoma pana nyuma, na kaka ameandika kilo kwa rangi nyeupe kwenye mlango. Ni kilo zilezile za kiwandani. Haizidi.

Mama Mbao, Mafinga

Pole sana mwanangu. Mkono umepona vizuri?

Kijana wa Ilula

Umepona Mama. Baridi tu ndiyo inanikumbusha.

Fundi wa Unga Limited, Arusha

Mkulima, breki zako umezigusa?

Mkulima wa Makete

Sijazigusa, fundi. Nimesoma maneno ya kijana mara mbili, kisha nikatoka nje kwenda kulitazama gari. Magunia nilikuwa nimeshaanza kuongeza.

Leo nimefungua difu ya nyuma. Meno 41 na 9, kama ulivyosema. Ya 37 kwa 9 ya nyuma nimeipata Makambako, iko ndani imefungwa kwenye gunia. Ya mbele bado. Gari limepaki, viazi vya wiki hii vimeondoka na Fuso la jirani, na Jumatatu linaingia gereji kwa ajili ya breki kwanza. Mwenye difu ya mbele ya LN106, meno 37 kwa 9, kutoka Mbeya hadi Iringa, naomba aniambie, nitaifuata mwenyewe.