Kiambatisho cha mjomba: nifungue?

Mwakeye ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Leo nimepata barua pepe yenye jina la mjomba wa Ujiji: "Nyaraka za kiwanja, fungua haraka." Kiambatisho ni Hati_Kiwanja.zip, na neno la siri la kukifungulia limo humohumo. Na kweli tuna suala la kiwanja Mwandiga. Nifungue?

Binti wa Mwanga, Leicester

---

Mdogo wangu, usifungue. Mpigie mjomba kwanza, kwa namba yake unayoijua siku zote.

Kuona jina la mjomba hakutoshi, maana virusi hivi vinatembea kwa majina ya watu tunaowaamini. Mei 2000 ILOVEYOU ilienea dunia nzima hivyohivyo: mtu akifungua tu, inajituma kwa wote walio kwenye orodha yake ya anwani. Faili lilionekana LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, kumbe mwishoni kulikuwa na .vbs, alama kwamba ni programu, ambayo Windows iliificha. Hadi leo Windows huficha herufi hizo za mwisho usipoibadilisha. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, weka tiki kwenye File name extensions. Ukiona hati inaishia na .exe, .js au .vbs, futa.

Hilo neno la siri ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Zip iliyofungwa hivyo, antivirusi haiwezi kuchungulia ndani. Sasa kama ufunguo umeandikwa kwenye barua hiyohiyo, unamlinda nani?

Na Word au Excel ikikuomba ubonyeze Enable Content, ifunge. Microsoft ilianza mwaka 2022 kuzuia makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, za mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Anayekuelekeza namna ya kuondoa kizuizi hicho hakutakii mema.

Kaka yenu, Aarhus

---

Naongezea upande wa nyumbani, maana huko ndiko tunakosahau. Wazee wetu wengi hawana kompyuta, wanaenda steshenari. Kijana anaskani cheti, anaingia kwenye barua pepe ya mzee, anatuma, mteja mwingine anaita, akaunti inabaki wazi. Flashi nayo imeshachomekwa kwenye kila mashine pale mtaani. Mnazijua zile ambazo ukifungua unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati. Kwa hiyo hata mjomba akisema "ndiyo, nimetuma mimi", faili linaweza kuwa na ugonjwa. Mwombeni apige picha ya hati kwa simu aitume WhatsApp. Kwa kusoma tu inatosha kabisa.

Tafadhalini sana, nyaraka za familia msizifungue kwenye kompyuta ya mwajiri. Virusi vikiingia ofisini kupitia barua yako binafsi, kibarua chako kiko hatarini. Vibali vya ukaazi na picha za familia wekeni nakala kwenye diski ya nje, na mkimaliza muichomoe.

Mama wawili, Toronto

---

Asanteni sana. Nimempigia, hajatuma kitu. Wiki iliyopita alikwenda kutuma cheti steshenari. Binamu yupo naye sasa hivi, wanabadilisha neno la siri kwa simu, wanaitoa akaunti kwenye vifaa vingine vyote na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Aliyepata barua kama yangu asiijibu, aifute.

Binti wa Mwanga