Naomba ushauri: Buckskin Gulch na mto Paria kwa siku nne, kisha korongo la kamba

NyayoMchangani
Wakuu habari zenu. Tuko wanne, wote tumezoea kupanda milima na mabegi mgongoni na kulala kwenye mahema, ila jangwa la Utah hakuna aliyewahi kulikanyaga. Mpango wetu ni kuingilia Wire Pass, kushuka korongo jembamba la Buckskin Gulch mpaka linapokutana na mto Paria, halafu kuufuata mto hadi Lees Ferry upande wa Arizona. Kwenye ramani ni kama kilomita 70, tumeweka siku nne. Tukitoka tunapumzika siku moja, kisha tunaenda hifadhi ya Zion kushuka korongo moja la kamba, yaani lenye miteremko ya kushukwa kwa kamba. Mmoja wetu amezoea kupanda kuta za mazoezi za ndani, wengine tunajua mafundo mawili matatu.

Likizo zetu zinakutana katikati ya Agosti. Maji tutayapata wapi njiani? Kamba tubebe Buckskin au ni mzigo wa bure? Na hiyo ya Zion mnaionaje?

Mzee wa Ramani
Agosti futa kabisa. Mengine tutayajadili.

Kuanzia Julai mpaka karibu katikati ya Septemba ndiyo msimu wa mvua za radi kule. Ardhi yenyewe ni mwamba mtupu na udongo mgumu, mvua ikipiga hainywewi, inateremka yote. Na si lazima inyeshe kichwani kwako. Mto Paria unaanzia huko juu karibu na Bryce Canyon, kwa hiyo wewe unaweza kuwa kwenye jua kali huku maji yanakuja. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha mbali juu yao. Septemba 2015 watu saba wakafa korongo la Keyhole, ndani ya Zion, siku moja.

Sasa ifikirie Buckskin. Kuna mahali unagusa kuta zote mbili kwa mikono, na kuta zinapanda makumi ya mita. Kutoka Wire Pass hadi kwenye makutano ni kama kilomita 21, na katikati pana sehemu moja tu ya kukwea kutoka nje, wanaiita Middle Route. Nayo ni ukweaji wa kutisha, mgeni mwenye begi zito anaweza kuipita bila hata kuitambua. Ukishaingia umeingia.

NyayoMchangani
Dah, nimekuelewa mzee. Likizo tutabadilisha. Mei au Oktoba?

BintiJangwa
Oktoba. Joto limeshuka na radi zimeisha, ingawa siku ni fupi.

Kobe_Taratibu
Napingana na dada hapo juu. Baada ya msimu wa mvua madimbwi ya Buckskin mara nyingi yamejaa, na jua halifiki chini. Unavuka maji ya kifuani yenye tope, begi kichwani, unatoka unatetemeka, na mbele kuna dimbwi jingine. Watu wanaliogopa joto la jangwa halafu wanazidiwa na baridi. Mimi ningesema mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Juni, ndipo kukavu zaidi.

BintiJangwa
Na huko Paria chini Juni wataungua. Baada ya makutano korongo linapanuka kadiri unavyoshuka, siku ya mwisho hakuna kivuli cha maana. Basi Mei, tukubaliane hapo. Madimbwi yanaweza kuwepo Mei pia, kwa hiyo nguo za kulalia na begi la kulalia vifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji hata kama utabiri ni mzuri.

Kibali je, mmeshaomba? Kulala humo kunahitaji kibali cha BLM (idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi za umma), na wanaruhusu watu 20 tu kuanza safari kwa siku, kundi lisizidi 10. Miezi ya Mei na Oktoba nafasi zinaisha mapema. Moto wa kuni hauruhusiwi, mbebe jiko dogo la gesi. Na haja kubwa mnatoka nayo kwenye mifuko maalumu. Ndiyo, mnaibeba mpaka Lees Ferry. Msicheke, korongo halina pa kuchimba, na huo mto ndio mnaokunywa.

Kobe_Taratibu
Kuhusu kunywa sasa. Buckskin hesabu kwamba hakuna maji. Yaliyopo ni madimbwi yaliyolala, mengine na mizoga. Beba ya siku nzima toka mwanzo, lita nne hadi tano kila mtu. Mto Paria wenyewe ni tope jembamba, unaziba kichujio kabla hujajaza chupa ya pili. Ukilazimika, chota jioni kwenye chombo, kiache usiku kucha tope litue, kisha chuja ya juu. Ila tegemea chemchemi zinazotoka ukutani: Big Spring, Shower Spring, na ya mwisho ambayo kwenye ramani imeandikwa kabisa Last Reliable Spring. Hapo jaza kila chombo ulichonacho, mbele yake ni mwendo mrefu wa jua.

Viatu: vya kitambaa vinavyochuja maji haraka. Mtauvuka mto mara nyingi mno, buti za ngozi zitawamaliza. Kingo nyingine zina mchanga unaomeza mguu mpaka gotini, fimbo moja kila mtu inasaidia kupima.

Mshika Kamba
Nimechelewa, ila swali la kamba ni langu.

Buckskin beba kamba ya kama mita 15. Karibu na mwisho, kabla ya makutano, kuna mawe makubwa yaliyoziba njia, na mteremko wake unafika mita nne au zaidi. Kuna vidato vilivyochongwa kwenye mwamba, na wakati mwingine kuna tundu la kupenya chini ya mawe, lakini kila mafuriko yanapanga mawe upya, usitegemee picha za mwaka jana. Mabegi yashushwe kwanza, kisha watu.

Zion ni habari nyingine kabisa. Kwenye korongo la kamba, ukishashuka mteremko wa kwanza na kuivuta kamba, huwezi kurudi ulikotoka. Kuanzia hapo lazima uweze kila kilichobaki mbele, pamoja na usichokijua. Ukuta wa mazoezi haumfundishi mtu kukagua nanga aliyoikuta, yaani utepe uliofungwa kwenye jiwe au mti ili kushikilia kamba: ule utepe umekaa juani muda gani, jiwe lililofungwa limeshika kweli? Haumfundishi kujaribu kuivuta kamba kabla mtu wa mwisho hajashuka, ili ijulikane kama itakwama. Kuna mashimo ya duara yenye kuta laini, maji yakiwa yamepungua huwezi kufikia ukingo wa kutokea bila mbinu na wenzako. Na mwamba wa mchanga ukilowa unapungua nguvu, kwa hiyo hata mvua ikiisha usining'inie kwenye kijiwe chembamba siku ya pili yake.

Kama mnataka kujifunza, lipeni mwongozaji siku moja, na iwe kabla ya Buckskin, miguu ikiwa mizima. Ila ndani ya hifadhi ya Zion waongozaji wa kulipwa hawaruhusiwi kuongoza makorongo ya kamba, wanafanyia nje ya mipaka. Msiende kuwatafuta getini.

NyayoMchangani
Asanteni sana wakuu. Basi Zion ya kamba tumeiondoa, tutachukua siku moja na mwongozaji mwanzoni. Mei, na kibali naanza kukifuatilia leo. Siku nne tuzifanye tano? Na usafiri: gari moja tunaliacha wapi?

Mzee wa Ramani
Tano, kama likizo inaruhusu. Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote kwa sababu ndani ya Buckskin hakuna mahali salama pa kulala, lazima mfike kwenye makutano na kupanda kwenye kingo za juu. Kwa hiyo mwingie alfajiri.

Gari liacheni Lees Ferry, mchukue usafiri wa kukodi uwapeleke Wire Pass. Mkifanya kinyume mtatoka mmechoka huku mnahesabu saa za dereva, na Arizona haibadilishi saa majira ya joto wakati Utah inabadilisha, mtaachana kwa saa nzima. Barabara ya House Rock Valley inayokwenda Wire Pass ni ya udongo, ikilowa gari linateleza au halipiti kabisa. Ikiwa imelowa, basi na korongo msiingie siku hiyo.

Mshika Kamba
Na mtu wa nje aachiwe ratiba yenu, na saa ya kupiga simu ya msaada msipotokea. Aron Ralston, mpanda milima Mmarekani, alipobanwa na jiwe Bluejohn Canyon Aprili 2003, hakuna aliyejua yuko wapi, alikaa humo zaidi ya siku tano. Simu za kawaida chini huko hazishiki. Kifaa cha ujumbe wa setilaiti kinafaa, ila ndani ya Buckskin anga ni ufito tu, ujumbe unaweza kukaa muda bila kutoka. Tumeni wa mwisho mkiwa bado Wire Pass, baada ya kusoma utabiri wa Bryce, si wa mji wa Page peke yake.

NyayoMchangani
Sawa mkuu. Dada yangu ndiye atakayebaki na ratiba, nitampa na namba za BLM. Swali dogo la mwisho: fimbo za kukunja zinatosha au za mbao?

Kobe_Taratibu
Za kukunja zinatosha. Zisuuzeni kila jioni, mchanga ukikauka kwenye viungo hazikunjiki tena.