Mrejesho: kikohozi cha wiki tatu

Asanteni nyote. Swali langu lilikuwa: kikohozi kimepita wiki tatu, ninunue dawa nyingine ya maji ama niende hospitali? Jibu ni kwenda. Kikifika wiki mbili, kipimo cha TB hakingoji. Ukitema damu, ukikosa pumzi, ukilowa jasho usiku au nguo zikianza kukupwaya, usihesabu hata hizo wiki.

Kipimo cha makohozi ni bure kwenye vituo vya umma, hapa Nairobi na kwingineko nchini. Wengi huharibu sampuli kwa kutema mate. Sukutua mdomo kwa maji matupu, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Yanayotakiwa ni mazito, yanayovutika, kama kijiko kimoja cha chai. Ya alfajiri ndiyo bora. Na msimeze antibiotiki za kubahatisha kabla ya kupimwa. Levofloxacin hasa huituliza TB kwa muda, kipimo kikadanganya.

Aliyetaja dawa za presha alinifungua macho: enalapril yaweza kuleta kikohozi kikavu kwa miezi. Usiiache kienyeji, daktari akubadilishie.

Kwa mama aliyeuliza kuhusu mtoto anayekohoa: mhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, fulana imeinuliwa. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea chini ya mbavu akivuta hewa: hospitali sasa hivi.