Mota ya volti 48 kwenye Phoenix, mzigo wa mawese Mwandiga hadi Mwanga: itakaa?

Dumu_Mbili

Mwakeye wakuu.

Niko Kigoma, nina baiskeli ya Phoenix ya inchi 28, ile ya breki za vyuma, keria ya nondo nyuma. Kazi yake ni madumu mawili ya mawese ya lita 20 kutoka Mwandiga hadi Mwanga, siku nyingine kushuka nayo mpaka stesheni na kupanda tena na madumu matupu. Nimeoneshwa seti ya mota inayokaa ndani ya gurudumu la mbele: volti 48, wati 500, boksi limeandikwa 28. Ndani kuna kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), mkono wa resi, vishikio viwili vya breki vyenye waya na kihisi cha pedali. Betri unanunua mwenyewe. Ipo ya lithiamu ya Ah (ampia-saa) 10, na kuna fundi anasema tuunge betri nne za asidi za volti 12, bei nafuu.

Itaingia kwenye Phoenix? Betri ipi? Na nini hufa kwanza? Mvua haziko mbali.

FundiSpoku

Mkuu, usilipe kwanza. 28 ya boksi siyo 28 ya Phoenix. Tazama ubavu wa tairi lako, utakuta 28 x 1½ na pengine 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokalia. Rimu za seti za 28 kwa kawaida ni 622. Ni milimita 13 tu, lakini tairi litacheza juu ya rimu na ukijaza upepo litachomoka. Kuihamishia mota rimu yako ya zamani nako kuna kikwazo: rimu za Phoenix huwa na matundu 32 mbele na 40 nyuma, habu za mota karibu zote ni 36.

Halafu breki. Breki za vyuma hubana rimu kwa ndani, upande wa spoku, na zinataka rimu yenye umbo lake. Rimu ya seti haina umbo hilo. Utabaki na breki ya nyuma peke yake. Sasa piga hesabu: wewe kilo 65, baiskeli na mota na betri kama 32, mawese na madumu yake 38. Kilo 135 zinashuka kwenda stesheni kwa breki moja, siku ya mvua. Hapo sina la kuongeza.

Na mbele si mahali pa mota kwa mzigo wako hata kama rimu ingekubali. Madumu yako nyuma; ukipanda mlima uzito unazidi kurudi nyuma, gurudumu la mbele linabaki jepesi na kuzunguka bure kwenye changarawe.

Tafuta baiskeli ya mlima ya fremu ya chuma, inchi 26 (tairi liandikwe 559), breki za V mbele na nyuma, kisha chukua seti ya gurudumu la nyuma. Kabla ya kununua pima kwa rula nafasi kati ya masikio mawili ya fremu pale ekseli inapoingia. Seti ya nyuma kwa kawaida inataka mm 135. Spoku ziwe nene, geji 13 au 12. Baada ya kilomita 50 za kwanza zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyolegea inatoa sauti butu kuliko jirani zake wa upande uleule. Kaza nipo (nati ndogo ya spoku) robo mzunguko, gonga tena.

Kinachoumiza watu zaidi ni ekseli. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli yenyewe inasukumwa kuzunguka kinyume kwa nguvu ileile. Kinachoizuia ni pande zake mbili bapa, unene wa mm 10, zinazobanwa na masikio ya fremu. Masikio yakipanuka, ekseli inafyatuka na kuzunguka, inasokota na kukata nyaya zinazopita katikati yake, na gurudumu linaweza kutoka. Kwa hiyo:

- Kama ekseli haiingii, piga tupa sikio kidogo kidogo mpaka iingie kwa kusukuma kwa mkono. Ikishacheza umeshaharibu.
- Washa (pete ya chuma ya ekseli) yenye jino ikae ndani, jino liingie kwenye mfereji wa sikio.
- Weka vyuma vya kushikilia ekseli pande zote mbili, si upande mmoja. Seti ikija bila navyo, mchomeleaji akate bapa la mm 6, tundu lake lifuate umbo la ekseli, mkono wa sentimita 12, na mwisho wake ufungwe kwenye bomba la fremu kwa klempu ya chuma. Asichomelee chochote ekseli ikiwa mahali pake.
- Nati zikazwe kufikia Nm 40. Kwa spana ya sentimita 25, ni kama kuning'iniza kilo 16 mwisho wa mpini. Rudia baada ya kilomita 20, tena baada ya 100, kisha kila mwezi. Chora mstari wa rangi kati ya nati na fremu. Mstari ukikatika, nati imesogea.

Na vile vishikio vya breki vyenye waya usiviache kwenye boksi kwa sababu vya zamani bado vinafaa. Vinakata umeme wa mota unapogusa breki. Resi ikikwama, ndivyo vitakavyokuokoa.

Bi_Volti

Naongezea upande wa betri, maana kaka FundiSpoku amemaliza chuma.

Hizo nne za asidi za Ah 12 zina uzito wa takriban kilo 16, karibu dumu zima la mawese unalobeba bure kila safari. Ukivuta ampia 20 mlimani zinatoa pungufu ya kilichoandikwa, na ukizoea kuzimaliza chaji yote hazifiki mbali. Chukua lithiamu, ila uliza BMS yake (saketi ya ndani inayolinda betri) inahimili ampia ngapi mfululizo. Kontrola ya wati 500 huvuta 18 hadi 22, kwa hiyo BMS iwe 25 au 30. Ikiwa 15, betri itajizima katikati ya mlima.

Volti 48 mara Ah 10 ni wati-saa 480. Kwa kilo zako 135, kila mita 100 unazopanda kwenda juu (si urefu wa barabara) zinakula kama wati-saa 55 ukiiachia mota kazi yote. Ukisaidia kwa pedali zinapungua sana. Kuijaza toka sifuri ni nusu uniti na kidogo ya TANESCO, saa 5 hadi 6 kwa chaja ya ampia 2.

Chaja ndiyo mtego. Kuna chaja za aina tatu na zote zinaweza kuandikwa 48V kwa nje. Ya lithiamu ya kawaida, seli 13, inaishia 54.6V. Ya fosfeti ya chuma, seli 16, inaishia 58.4V. Ya asidi nne inafika karibu 59V. Soma pale palipoandikwa output, si jina la mbele. Ukichomeka ya 58.4 kwenye betri ya 54.6, kinga pekee iliyobaki ni BMS, na BMS ya bei rahisi ikishindwa seli zinavimba na kuwaka. Chaja ikifa usiazime ya jirani kwa sababu plagi zinalingana.

Ukifika umetoka kupanda, betri ipumzike kivulini kama saa moja ndiyo uchaji. Juu ya 45°C isichajiwe. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, mbali na mlango wa kutokea, na mbali na hayo madumu. Ikianza kuvimba, kunuka dawa au kupiga mluzi, zima umeme ukutani, toeni watu. Moto wa lithiamu hupozwa kwa maji mengi sana ukiwa umesimama mbali, na hiyo ni baada ya umeme kuzimwa. Usiisogelee kuibeba nje.

Fyuzi ya ampia 30 iwe karibu kabisa na betri kwenye waya mwekundu. Waya uwe laini wa nyuzi nyingi, mm² 2.5 kwenda juu. Ule mgumu wa nyumbani unakatika kwa mtikisiko.

Kivuli_cha_Mwembe

Mwangaluka, niko Tabora. Natofautiana kidogo na FundiSpoku: si kila mahali mota ya mbele ni mbaya. Huku kwetu tambarare, mzigo mdogo, uma wa chuma, inafanya kazi. Kinachotusumbua ni mchanga. Gurudumu la mbele linazama na mtu anaivutia resi hapohapo, linachimba na kuteleza pembeni. Kwa milima yenu na madumu, nyuma, nakubali.

Chagua mota yenye gia ndani, ni nyepesi na inavuta vizuri kwa spidi ndogo. Ila gia zake kwa kawaida ni za nailoni na joto halina pa kutokea. Usianze kwa resi kutoka kusimama ukiwa na mzigo. Piga pedali mizunguko miwili mitatu ndipo uvute. Spidi ikishuka chini ya kilomita 12 kwa saa huku resi iko mwisho, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Juu ya mlima simama, shika ganda la mota. Kama mkono hauvumilii sekunde tano, ngoja ipoe, maana ndani kuna moto zaidi ya huo.

Waya unaotoka kwenye ekseli uache uning'inie chini kidogo ya ekseli ndipo upande kwenye fremu. Maji yatafuata waya, yatadondoka pale chini. Ukiupandisha moja kwa moja, unayaelekeza ndani ya mota.

Dumu_Mbili

Nashukuru wote. Nimefuata: baiskeli ya mlima, mota ya nyuma yenye gia, lithiamu. Sasa mvua imepiga jana. Leo baiskeli ikisukumwa kurudi nyuma gurudumu ni zito, linakwenda kwa kushtuka, hata betri ikiwa imetolewa. Resi haiitiki. Mota imekufa?

FundiSpoku

Pengine siyo mota. Betri ikiwa imetolewa, chomoa nyaya tatu nene za njano, kijani na bluu kati ya mota na kontrola, ncha zisigusane. Zungusha tena kinyumenyume. Kwenda mbele hutaona kitu kwa sababu ya friwili ya ndani. Likiwa jepesi, kontrola imepiga shoti. Likibaki zito, nyaya zimegusana pale ekseli au maji yameingia ndani: fungua kifuniko, kausha, angalia kutu, rudisha grisi kwenye gia.

Kuthibitisha kontrola, weka mita kwenye alama ya dayodi. Pima toka waya mweusi wa betri kwenda kila moja ya zile tatu, kisha toka kila moja ya tatu kwenda mwekundu. Namba zikaribiane. Inayosoma sifuri ndiyo iliyoungua.

Ukinunua nyingine iwe volti 48 na ampia zilezile, na safari hii ifunge nyaya zake zikitazama chini. Usiamini rangi kulingana. Inua gurudumu, vuta resi kidogo sana huku mita ya ampia iko kwenye njia ya betri. Mota ya gia isiyo na mzigo hula kama ampia 1. Ikinguruma, kutetemeka au kuvuka 5, achia mara moja, umekosea mpangilio wa nyaya tatu nene au zile nyembamba tano za vihisi vya mota.

Bi_Volti

Na plagi ya nyaya nyembamba ifungue uitazame kabla ya kununua chochote. Ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, safisha kwa spiriti na mswaki, kausha juani, chomeka, ufunge kwa mpira wa tyubu mdomo ukitazama chini. Maji kwenye plagi hiyo hayafanyi gurudumu kuwa zito, lakini kontrola mpya nayo itasitasita vilevile.