Alama za wenye ulemavu kwenye kumbi za Mwanza: tushike moja au kila ukumbi uchore yake?

Mwanzisha mada: Mwangaluka wadau. Jumamosi nilimsindikiza binamu yangu, anayetumia kiti mwendo, kwenye ukumbi mmoja wa ngoma na maonyesho hapa mjini (jina nalihifadhi). Getini kuna kibao cha bluu cha yule mtu wa kwenye kiti tuliyemzoea, aliyebuniwa na Susanne Koefoed wa Denmark mwaka 1968. Mlango wa choo una mwingine, kainama mbele kama yuko mbioni; huo ni wa Marekani, wa akina Sara Hendren na Brian Glenney. Karibu na jukwaa fundi kachora wa kwake kwa brashi. Binamu akauliza, "Hii ni pikipiki?" Tukafuata mshale wa getini, ukatufikisha kwenye ngazi tatu.

Msimamo wangu: tushike ule wa zamani, ukumbi mzima, na pasipo na njia kibao king'olewe.

Dada wa Pasiansi: Kung'oa nakuunga mkono, ila wa zamani hapana. Kakaa kama mzigo unaosubiri kubebwa. Mdogo wangu anasukuma kiti chake mwenyewe mpaka sokoni, huyo aliyeinama ndiye anayefanana naye. Na usiseme wa zamani haguswi: mwanzoni hakuwa hata na kichwa, Karl Montan, mkuu wa kamati iliyoipitisha alama hiyo, ndiye aliyemwongezea.

Mzee wa Kisesa: Kwa nini tuazime Denmark au Marekani? Pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kiti tunacho, wanangu.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee. Umenichekesha, lakini kiti cha mtemi mlangoni mgeni atadhani ndani kuna mtemi. Mtu kashuka meli ya Ukerewe, kabanwa, anatafuta choo. Huyo hana muda wa kufumbua fumbo. Nakshi za Kisukuma ziwe kwenye fremu ya kibao, hapo sina ubishi. Dada, la kichwa sikulijua. Bado sijahama.

Fundi Igoma: Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45 za kupanda. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hiyo mteremko unataka mita 5.4. Wengi wanamwaga zege la mita moja na nusu, kisha wananiita nichore kibao. Na mteja haniletei kipimo, ananionyesha picha kwenye simu: "weka kama hii." Ndiyo maana mnakuta pikipiki.

Kiziwi wa Nyakato: Mnabishana viti tu. Kuna ukumbi ulibandika sikio lenye mstari, ile alama ya viziwi, nikaandika kwenye simu kuuliza mkalimani yuko wapi. Mlinzi akasoma, akafungua mdomo mkubwa kunipigia kelele. Sikio ni alama ya jumla, mtu anaweza kuahidi chochote nalo. Mikono miwili ndiyo lugha ya alama. Wekeni hiyo siku mkalimani yupo, siku hayupo itoeni.

Dada wa Pasiansi: Hili limenizidi nguvu. Basi kiti chochote kile, ila mikono isikose.

Fundi Igoma: Stenseli ya kiti ninayo, ya bati. Ya mikono sina. Mwenye mchoro safi atume, vidole vyote vihesabike.